Mashine ya Nyasi: ya Kusukuma kwa Mkono au ya Injini?

Masika yanapoingia, ua uliokuwa mkavu mwezi wa Machi hugeuka kichaka kwa muda mfupi. Ukoka hupanda hadi magotini, na mama mwenye nyumba huanza kuwahofia watoto wanaochezea humo, kwani nyoka hajulikani alipolala. Hapo ndipo swali huzuka nyumbani: tununue mashine ya injini, au ile ndogo ya kusukuma kwa mkono yatosha? Swali hili lagusa fedha za nyumba, nguvu za mwili na usalama wa watoto, basi yafaa tulipime kwa utulivu.

Mashine ya mkono ndiyo kongwe. Aliyeibuni ni Mwingereza Edwin Budding, aliyeandikisha uvumbuzi wake mwaka wa 1830. Fikra hiyo aliipata kiwandani, kutokana na mtambo uliokuwa ukinyoa manyoya ya vitambaa vya sufu. Tunapoisukuma, magurudumu huzungusha mzinga wenye visu vitano au zaidi, navyo hupita karibu sana na kisu kimoja kisichosogea. Jani hubanwa katikati likakatwa kama kwa mkasi. Ndiyo maana nyasi hubaki laini, bila ncha zilizochanika.

Ile ya injini hufanya kazi kwa njia nyingine. Chini ya kifuniko chake mna kisu kinachozunguka kwa ulalo, takriban mara 3,000 kwa dakika, na hukata kwa nguvu ya pigo. Nyasi ndefu na ngumu, ambazo zingeikwamisha mashine ya mkono, hazikishindi. Kwa uwanja mpana, au ua ulioachwa mwezi mzima, hapana shaka kwamba injini ndiyo yenye kufaa.

Lakini nguvu hiyo ina hatari zake. Nyua zetu za Pwani zina vipande vya matumbawe, vifuu vya nazi na misumari ya ujenzi. Kisu kikigonga kitu cha namna hiyo, chaweza kukirusha mbali kwa kasi ya kutoboa jicho. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hushauri kwamba mtoto asiendeshe mashine ya kusukuma kabla ya kutimiza miaka 12, wala ile ya kupandwa kabla ya miaka 16. Wadogo na wakae ndani hadi kazi iishe. Anayeikata naye avae viatu vilivyofunika vidole, si makubadhi wala champali, na ncha za leso au buibui zisiachwe zikining'inia. Nyasi zikiziba visu, injini izimwe na waya wa plagi uchomolewe kwanza, ndipo mkono uingie. Petroli isiwekwe karibu na jiko, wala injini isiwashwe ndani ya stoo, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Na mwenye mashine ya waya wa umeme asiitumie kamwe penye majimaji.

Tusidhani kwamba ile ya mkono haina madhara. Visu vyake vyaweza kukata kidole cha mtoto anayevizungusha kwa mchezo. Ila mtu akiacha kusukuma, navyo husimama. Haili petroli, haina kelele ya kumwamsha mtoto mchanga au kumsumbua jirani mgonjwa, na matunzo yake ni machache: kufutwa ikauke, kutiwa mafuta dhidi ya chumvi ya bahari ilayo chuma, na kunolewa na fundi visu vinapofubaa. Sharti lake kubwa ni moja: haitaki uvivu. Wakati wa mvua nyasi zikatwe kila wiki, na kila mara isiondolewe zaidi ya thuluthi moja ya urefu wake. Ukikosa wiki tatu, itakulazimu kutafuta fyekeo kwanza.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Ua wa hatua 20 kwa 20 hivi, ulio sawa na usio na mawe, wenye mtu wa kuushughulikia kila wiki, watosheka na mashine ya mkono. Uwanja wa madrasa au shamba la familia wahitaji injini, pamoja na mtu mzima anayeijua. Na nyumba yenye kiraka kidogo tu cha nyasi haihitaji kununua chochote; kijana mwenye fyekeo ataumaliza ujira wake kwa asubuhi moja, naye apate riziki.

Kabla ya kwenda dukani, tupime ua kwa hatua, tuokote mawe yaliyomo, kisha tuulizane kwa ukweli: ni nani atakayeisukuma mashine hii kila wiki? Jibu la swali hilo litatuongoza kuliko bei iliyobandikwa dukani.