Kutolingana kwa Jina la Seva katika Mifumo Iliyosambazwa: Mfano wa Java RMI

Sehemu hii inafafanua hitilafu ambayo kwa nje huonekana kuwa ya mtandao, ilhali chanzo chake ni jina. Hutokea pale seva inapojitambulisha kwa jina au anwani ambayo programu-teja haiwezi kuifikia. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba usahihi wa jina la seva hupimwa kwa upande wa anayeita, si wa anayeitwa.

Java RMI, utaratibu uliojumuishwa katika Java toleo la 1.1 mwaka 1997, unadhihirisha jambo hili. Mawasiliano yake hupitia hatua mbili. Kwanza, programu-teja huiendea rejista, ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye poti namba 1099, na kuomba huduma kwa jina. Rejista haitoi huduma yenyewe, bali hutoa kiwakilishi chake, ambacho ndani yake mna anwani na poti ya huduma halisi. Pili, programu-teja huita huduma kwa kutumia anwani hiyo iliyomo katika kiwakilishi, wala si ile iliyotumika kuifikia rejista.

Tatizo huzaliwa baina ya hatua hizi mbili, kwa kuwa anwani ya kiwakilishi huandikwa na seva yenyewe. Isipoelekezwa vinginevyo, Java hutumia anwani ambayo mfumo endeshi unaihusisha na jina la kompyuta husika. Katika Debian, mathalani, faili la /etc/hosts huweza kulihusisha jina hilo na 127.0.1.1. Anwani zote zinazoanza na 127 humaanisha “kompyuta hii hii”. Kwa seva, jibu hilo ni sahihi. Likisafirishwa hadi kompyuta nyingine, maana yake hugeuka: programu-teja hubisha hodi mlangoni pake yenyewe na kukosa wa kuitikia.

Ujumbe wa kosa hueleza kwamba muunganisho na 127.0.1.1 umekataliwa. Ni rahisi mchunguzi kuushuku ukuta-moto mara moja. Hata hivyo, kufaulu kwa hatua ya kwanza ni ushahidi kwamba njia ya kuifikia kompyuta ya rejista ipo. Hivyo basi, anwani iliyotajwa katika ujumbe ndiyo inayopaswa kusomwa kwanza. Ikiwa si ya seva, kosa ni la jina. Ikiwa ni ya seva, ndipo ukuta-moto uchunguzwe, kwani poti ya huduma si lazima iwe 1099 na aghalabu huchaguliwa bila mpangilio.

Tiba ni kuweka thamani ya java.rmi.server.hostname upande wa seva, kabla huduma haijatangazwa. Kubadili mipangilio ya programu-teja hakusaidii, kwa sababu kiwakilishi hufika kikiwa kimeshaandikwa. Pale wateja wanapotoka katika mitandao tofauti, inafaa thamani hiyo iwe jina badala ya namba, ili kila mtandao ulitafsiri kwa anwani inayofikika ndani yake.

Hali hii haiishii kwenye RMI. Katika Apache Kafka, programu-teja huanza na anwani iliyopewa, kisha hupokea orodha ya anwani zilizotangazwa kupitia advertised.listeners. Seva ikitangaza jina linalojulikana ndani ya kontena pekee, mteja wa nje hukwama baada ya mwanzo mwema. Tofauti ni kwamba Kafka huruhusu kutangaza anwani zaidi ya moja, kila moja kwa kundi lake la wateja.

Kutokana na mifano hii, inabainika kwamba jaribio linalofanywa ndani ya kompyuta ya seva pekee haliwezi kufichua kosa la aina hii, kwa kuwa humo 127.0.1.1 hufanya kazi bila dosari. Mfumo uliosambazwa unapaswa kujaribiwa kutoka mahali wateja wake walipo.