Mwalimu wa Fasihi na Faida za Warsha

Watu wengi wakisikia mwalimu kaenda kwenye warsha, wanauliza posho ni shilingi ngapi. Posho si dhambi, na nauli ni haki yake. Lakini faida kubwa ya warsha, hasa kwa mwalimu wa fasihi, haiingii mfukoni.

Tuchukue mfano wa ushairi. Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka mwaka 1974 ikiwa na mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wanamapokeo wakasema hayo si mashairi, wanausasa wakayatetea. Sasa mwalimu aliyezoea kuhesabu mizani tu, akiwa peke yake darasani, atafanyaje? Atakimbilia vijitabu vya maswali na majibu, wanafunzi wakariri, basi.

Kwenye warsha hali ni tofauti. Walimu wa shule mbalimbali husoma shairi lile lile kwa sauti. Huyu anasikia kilio, yule anasikia kejeli. Kila mmoja anadaiwa ushahidi kutoka kwenye shairi lenyewe. Hapo mwalimu anapata mambo matatu: istilahi, mbinu za kuuliza maswali, na ujasiri wa kuwaambia wanafunzi, "Sijui, hebu tusome tena." Hili la tatu ndilo adimu.

Nasi tunaosomea ualimu tusijidanganye kwamba shahada inatosha. Mwalimu asiyebishana na wenzake hatawapa wanafunzi wake nafasi ya kubishana naye. Na fasihi bila ubishi, ndugu msomaji, itabaki kuwa somo la kukariri.