Dainamo ya Motokaa ya Zamani

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamezoea motokaa za siku hizi, ambazo umeme wake hutoka katika altaneta. Lakini hapa Bujumbura zimo bado motokaa kuukuu zenye dainamo, na mjomba wangu wa Kajaga anayo moja, Land Rover ya mwaka 1964. Nimeshika spana mara nyingi chini ya boneti yake, basi nataka kuwaeleza namna ya kutafuta ugonjwa wakati betri isipojaa.

Kazi ya gari hilo ni kuchukua ndagala kutoka ufuko wa ziwa mpaka sokoni. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, maana samaki hawazifuati taa. Kwa hiyo gari hutembea katika giza tupu, kabla ya mapambazuko, na upande ule viboko hutoka majini usiku kula majani. Taa za mbele, koili ya injini na taa ndogo hula yapata ampea 12. Betri ya ampea-saa 50 ikiachwa peke yake itatosha kama saa nne kwa hesabu ya karatasi. Betri kuukuu haifiki hapo.

Ndani ya dainamo mna chuma ambacho hubakiwa na nguvu kidogo ya sumaku. Amecha, yaani kile kiini kinachozungushwa na mkanda wa feni, huzaa umeme mdogo. Umeme huo hupita katika koili za sumaku, sumaku ikaongezeka, na umeme nao ukaongezeka. Usipozuiliwa utapanda mpaka uunguze vitu. Ndiyo sababu kuna kisanduku cha regileta. Ndani yake mna vitu viwili: kimoja huzuia volti zisizidi, na cha pili ni kama mlango. Dainamo ikifika yapata volti 13, mlango hufunguka na umeme huenda katika betri; injini ikipoa mwendo, mlango hujifunga, betri isije ikamwaga umeme wake katika dainamo.

Sasa tazameni taa nyekundu ya dashibodi. Imewekwa kati ya dainamo na betri. Pande mbili zikiwa sawa, hakuna umeme wa kupita, nayo huzimika. Injini ikinguruma polepole, taa kuwaka kidogo si ugonjwa, kwani dainamo si hodari katika mwendo mdogo.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, maji yakaingia Kajaga, na gari likasimama siku nyingi penye unyevu. Baadaye betri ikawa haijai. Fundi mmoja alimwambia mjomba kwamba dainamo imekufa, anunue altaneta. Shauri hilo lilikuwa na gharama kuliko linavyosikika, maana katika Land Rover za miaka ile upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chuma cha gari, hali altaneta nyingi hutaka upande hasi.

Nilimwomba mjomba awashe injini, nikaitazama taa. Kwanza iliwaka. Alipoongeza mwendo ikafifia, ikazimika. Alipoongeza tena ikawaka upya, kali kuliko mwanzo! Dainamo iliyokufa haifanyi hivyo. Maana yake ni kwamba dainamo ilikuwa imeipita betri kwa volti, lakini mlango haukufunguka.

Hata hivyo yafaa kuhakikisha. Kwanza bonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukilegea sana, kaza. Zima injini, toa nyaya mbili za dainamo, ule mnene wa D na ule mwembamba wa F, kisha unganisha D na F kwa kipande cha waya. Weka mita ya volti kati ya hapo na chuma cha gari, ukikumbuka kugeuza nyaya za mita ikiwa chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chuma. Washa injini, ongeza mwendo taratibu, wala usiruhusu mita ifike 20. Ikipanda upesi bila kuyumba, dainamo ni nzima. Ikibaki karibu na volti 1, shuku koili za sumaku; ikibaki 4 au 5, shuku amecha. Isiposoma chochote, tazama brashi za kaboni kama zimekwisha au zimenasa katika vishikio vyake. Yetu ilipanda vizuri.

Basi nikafungua nyaya za betri, nikaenda kwenye kisanduku. Kina waya mweusi wa E, unaokwenda kwenye chuma cha gari. Bila waya huo, mlango haupati nguvu ya kufunguka, na kizuizi cha volti nacho hakifanyi kazi. Chini ya skrubu yake palikuwa na kutu ya kijani. Niliisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Tulipowasha, taa ilizimika na haikurudi, na mita kwenye betri ikapanda mpaka volti 14.

Neno moja kwa mwenye dainamo iliyokaa muda mrefu bila kazi: huenda sumaku yake imepotea au imegeuka. Kabla ya kurudisha waya wa F, gusisha F, mara moja na upesi, na waya utokao upande wa betri usiofungwa kwenye chuma. Cheche kidogo itaonekana. Fanyeni mbali na mvuke wa petroli.