Ziwa Linapopanda, Mkazi wa Kisiwa Aende Wapi?

Msomaji, ukiulizwa habari za visiwa vinavyotishiwa na mabadiliko ya hali ya hewa, bila shaka mawazo yako yatakwenda mbali. Utataja Maldives. Au utataja Tuvalu, nchi ndogo katika Bahari ya Pasifiki ambayo mwaka wa 2023 ilitia saini mkataba na Australia ili raia wake wapate pa kuhamia. Ni wachache watakaokumbuka kwamba visiwa vyenye taabu kama hiyo viko hapa hapa Bonde la Ufa, safari ya kilomita mia moja na kitu kutoka mjini Nakuru, ukipita Mogotio na Marigat.

Visiwa hivyo vimo katika Ziwa Baringo. Kikubwa kuliko vyote ni Kokwa, kilichotokana na volkano na chenye chemchemi za maji moto hadi leo. Wakazi wake ni Wailchamus, jamii ndogo inayosema lugha ya Kimaa, ambayo hufuga, hulima na kuvua. Mvuvi wao wa jadi hutumia mtumbwi mdogo uliofungwa kwa vijiti vya mti mwepesi unaoota kando ya maji, naye hupiga kafi kwa vibao viwili vidogo, kimoja kila mkono.

Watu hawa si wageni wa shida. Katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka pwani ilipofika Baringo, ni mashamba yao ya kunyunyiziwa maji kwa mifereji yaliyowalisha wapagazi. Kwa hivyo tunapozungumza juu yao, tusidhani tunazungumza juu ya watu wanaosubiri tu kuhurumiwa.

Jana lilikauka, leo limefurika

Jambo la kushangaza ni kwamba miaka ishirini hivi iliyopita, kilio kuhusu Baringo kilikuwa kinyume kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kina cha wastani cha ziwa kilishuka hadi kiasi cha mita 2. Mchanga uliosombwa kutoka vilima vilivyokosa miti ulikuwa ukilijaza, samaki walipungua, na uvuvi ukasitishwa kwa muda. Wengi waliamini kuwa ziwa linakufa. Hata Ziwa Nakuru lilikaukiana katikati ya miaka ya 1990, na wazazi waliokuwa hapa mjini wakati huo wanakumbuka vumbi jeupe la magadi lililopeperushwa na upepo.

Kisha, kuanzia mwaka wa 2010 hivi, maji yakageuka. Mvua kubwa za 2019 na 2020 zikazidisha mambo. Ziwa Baringo, ambalo halikuwa linafika kilomita 140 za mraba, lilikaribia 200. Ziwa Nakuru lilitoka kwenye 40 na kukaribia 70.

Je, maji haya yalitoka wapi? Mwanafunzi wa jiografia atatuambia kuwa bahari hupanda kwa sababu barafu inayeyuka na maji yakipata joto hutanuka. Ziwa Baringo halina habari na barafu. Lenyewe hupokea maji ya mito kama Molo na Perkerra, lakini halina mto hata mmoja unaoyatoa. Maji huondoka kwa kufyonzwa na jua au kupenya chini ya ardhi. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hujaa kama beseni lisilo na tundu. Ripoti ya serikali iliyotolewa mwaka wa 2021 ilisema chanzo kikuu ni ongezeko la mvua linaloambatana na mabadiliko ya hali ya hewa, huku ukataji wa miti na hata misukosuko ya ardhi ya Bonde la Ufa ikichangia. Ripoti hiyo ilihesabu familia zaidi ya 75,000 zilizoathirika katika maziwa ya Bonde la Ufa, bwawa la Turkwel na Ziwa Victoria.

Funzo ni kwamba mabadiliko ya hali ya hewa si ukame peke yake. Ni kupinduka: mzee mmoja anaweza kuomboleza ziwa linalokauka na kabla hajafa akahamishwa na ziwa lile lile likifurika.

Kuhama si jambo jipya, ila...

Wailchamus wamezoea ziwa linalosogea. Maji yakipanda, boma hupandishwa juu. Yakirudi, nyasi changa huota walikotoka na mifugo hula. Huo ndio uliokuwa mpango wao wa dharura, na haukuandikwa popote.

Shida ya sasa ni kwamba nafasi ya kurudi nyuma imebanwa pande zote. Aliye kisiwani ana mwamba mgongoni, na kila hatua ya maji inamega malisho yasiyoweza kuongezwa. Aliye bara anakuta barabara, ploti na mipaka ya watu wengine. Upande wa mashariki ardhi ipo, lakini miaka mingi ya wizi wa mifugo na mashambulizi imewafukuza watu huko. Mnamo Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi kusaidia polisi katika eneo hilo. Basi mtu anasimama kati ya maji na bunduki.

Isitoshe, nguzo za maisha ya kisasa hazihami kama boma. Shule ya Msingi ya Salabani na kituo cha afya cha Kampi ya Samaki vilimezwa na maji, na hoteli zilizokuwa zikiwapa vijana kazi zikafuata. Viboko na mamba nao walisogea pamoja na maji hadi karibu na nyumba. Mama anayechota maji jioni anajua maana yake.

Twiga walipata chombo

Hata hivyo, kuna waliookolewa, na habari zao zilienea duniani. Katika hifadhi ya jamii ya Ruko, inayoendeshwa na Wailchamus pamoja na Wapokot, twiga walikuwa wamewekwa mwaka wa 2011 kwenye rasi ya Longicharo. Maji yalipopanda, rasi ikawa kisiwa, na kisiwa kikazidi kupungua. Ikaundwa jahazi la chuma la kuelea juu ya mapipa matupu, na kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga 9 wakavushwa mmoja mmoja hadi bara.

Ilikuwa kazi njema, na jamii mbili zilizozoea kugombana zilishirikiana. Lakini swali linabaki: ikiwa twiga alitafutiwa chombo na mahali pa kushukia, binadamu je?

Swali hilo limefika mahakamani. Wailchamus si wageni huko. Mwaka wa 2006 Mahakama Kuu iliwatambua kuwa jamii ndogo yenye haki ya kuwakilishwa. Mwaka wa 2022, Kituo cha Sheria na wakazi wa eneo hilo waliwasilisha kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Iten, wakidai kuwa serikali ilishindwa kuwalinda dhidi ya madhara ya mabadiliko ya hali ya hewa. Walitegemea Katiba, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Sheria ya Mabadiliko ya Hali ya Hewa ya 2016. Hawakuomba sadaka. Walidai wajibu utekelezwe.

Mwenzako akinyolewa...

Msomaji wa mjini, usiseme hayo ni ya Baringo. Katika mtaa wa Kihoto mjini Naivasha, maji ya ziwa yaliingia majumbani mwaka wa 2020, na mwishoni mwa 2025 maelfu walihama tena, wengine wakitolewa kwa mashua. Hapa Nakuru, lango kuu la mbuga lilizama, na mashamba ya upande wa Barut na Mwariki yakaliwa na ziwa.

Kwa hivyo, kabla ya kununua ploti karibu na ziwa, usimwulize dalali peke yake. Waulize wazee wa pale maji yalifika wapi walipokuwa watoto, kisha uende ofisi ya ardhi ukaangalie mpaka wa ziwa. Ikiwa tayari unaishi huko, fika kwenye vikao vya bajeti ya kaunti ukaulize shule na zahanati zitajengwa juu ya mstari upi. Mkazi wa Kokwa amekwisha kutufundisha kwamba ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko hati ya shamba. Aliyeonywa ana muda wa kufunga mizigo mchana.