Beringi ya Pedeli Haitaki Nyundo

Pale Ziwa la Ng'ombe, upande wa Kisauni, mtu achukuaye mizigo kwa baiskeli huijua thamani yake siku inapoanza kulia penye pedeli. Ekseli ikilegea, miguu huchoka upesi na riziki ya siku hupungua.

Katika baiskeli za zamani gololi hukaa ndani ya vikombe vikazwavyo kwa hesi. Lakini baadhi ya baiskeli za siku hizi, zikiwamo zilizokwisha tumika ng'ambo, beringi zake hazina hesi. Hushindiliwa katika mwanzi wa fremu, zikashikwa kwa kubanana tu. Aina moja, iliyoanzishwa na kampuni ya Cannondale ya Marekani mwaka 2000, ina kipenyo cha milimita 42.

Hapo ndipo nyundo iletapo hasara. Pigo hulalia upande mmoja, beringi huingia kombo na kukwaruza fremu. Tundu likisha kupanuka, hata beringi mpya haitakaa imara.

Kifaa kifaacho ni bolti ndefu yenye nati na visahani viwili vya chuma. Kwanza mwanzi husafishwa, nao ukiwa wa chuma hupakwa grisi kidogo. Kisahani sharti kiegemee ukingo wa nje wa beringi, wala si wa ndani, maana nguvu ikipitia katika gololi, njia zake huingia vidonda. Kisha nati hukazwa polepole. Beringi ikienda kombo, hutolewa na kuanzwa upya.

Beringi hununulika tena, bali fremu ni ghali. Fundi aitunzaye fremu ametunza riziki ya mwenziwe.