Kabla fundi hajapiga Windows upya

Peleka kompyuta iliyogoma kuwaka kwenye vibanda vingi vya mafundi mjini, jibu utalipata kabla hata haijachomekwa kwenye umeme: "Hii tuipige Windows mpya tu, bosi." Ni kazi rahisi na bei yake inajulikana. Lakini mashine isiyoonyesha hata nembo ya kiwanda bado haijaifikia Windows, sasa hiyo mpya itasaidia nini?

Swali la kwanza ni inafia wapi. Ukibonyeza kitufe ikabaki kimya, bila taa wala feni, shuku umeme. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine. Laptopu ichomoe chaja, itoe betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisha chaja peke yake. Za mezani, hasa mitumba ya Marekani, zitazame mgongoni karibu na tundu la waya. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Ikichomekwa swichi ikiwa kwenye 115, mara nyingi pawa saplai hupasuka kwa kishindo na moshi juu.

Feni zikizunguka lakini skrini ikabaki nyeusi, tega sikio. Milio ya "piip" ina maana, ingawa kila mtengenezaji ana hesabu yake, na mara nyingi sana mtuhumiwa ni RAM. Zima, chomoa waya, gusa chuma cha boksi ili umeme tuli wa mwilini utoke. Fungua vibanio, vuta RAM, sugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, pangusa, rudisha mpaka isikike "tak". Zikiwa mbili, jaribu moja moja, na kila moja katika kila nafasi. Nimeona mashine zilizokwisha kuitwa chuma chakavu zikiamka kwa raba ya mtoto wa shule.

Ukiwa humo ndani, kagua kapasita, vile vijipipa vilivyosimama kwenye mazabodi. Vichwa vyake viwe bapa. Vikivimba au kuvuja uchafu wa kahawia, mashine itazimika ovyo hata uipige Windows kila wiki. Dell OptiPlex GX270 na GX280 zilisifika vibaya kwa ugonjwa huo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fundi mzuri wa redio anaweza kubadilisha kapasita hizo.

Nembo ya Windows ikitokea, kisha mashine ikaanguka na kujiwasha tena bila kikomo, hapo ndipo programu zinapoingia kwenye orodha ya washukiwa. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima iliona hali hiyo. Faili moja bovu katika sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, na ndege zikakwama viwanjani. Tiba haikuwa kupiga Windows upya. Mafundi waliingia kwenye hali salama, ambamo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, wakafuta faili hilo, wakawasha. Waliotaabika zaidi ni wale ambao diski zao zilifungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, na ufunguo wa tarakimu 48 haukujulikana uliko. Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga hivyo bila mwenyewe kujua. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft leo, uunakili ufunguo huo kwenye karatasi.

Ukitaka kufika kwenye ukurasa wa ukarabati, izime kwa nguvu mara mbili tatu mfululizo wakati inajaribu kuwaka. Windows 10 na 11 kwa kawaida hukupeleka zenyewe. Ila diski ikilia "tik, tik, tik", usiiwashe tena. Kila jaribio linaweza kumaliza kilichobaki.

Basi ukifika kwa fundi, sharti la kwanza liwe hili: mafaili yangu yanakiliwe kwanza, ndipo uguse kingine. Akikwambia haina haja, beba mashine yako uende kwa jirani yake.