Sababu gani mafuta inamwangika mu valizi

Msafiri anatoka Uvira asubuhi, chupa ya mafuta ya kupakaa imefungwa vizuri. Kufika Bukavu, nguo na hata diploma vimelowa. Wengi wanalaumu barabara. Inatikisa, ni kweli, lakini kuna sababu ingine: mwinuko. Ziwa Tanganyika liko karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Kivu karibu 1,460. Kule juu hewa ya inje inapungua nguvu, na ile yenye iko ndani ya chupa inavimba, inasukuma mafuta. Kwa kushuka hakuna shida sana, chupa inabonyea tu.

Basi mbele ya kufunga, chupa laini iminywe kidogo hewa itoke. Kipande cha sashe kiwekwe ku mdomo, kifuniko kikazwe juu yake, halafu chupa isimamishwe ndani ya sashe ingine. Diploma na karatasi zingine zikae mbali kabisa.

Na uzito: lita moja ya losheni ni karibu kilo nzima, wakati kwa siku tatu kachupa kadogo kanatosha. Kama kalikuwa ka dawa, kaoshwe sana na kaandikwe, watoto wasije wakanywa. Sabuni ya kipande haimwangiki; ikaushwe tu mbele ya kufungwa.